Ukanda wa Msumari wa Kwanza

Siku Kijiti alipoondoka, sanduku lake lilipimwa buchani.

Nyumbani mizani ilikuwepo, ile ya kusimama juu yake, lakini ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi baada ya kukanyagwa na baba yake, na barua ya kanisa ilisema wazi: kilo ishirini na tatu, isizidi hata gramu. Basi muuza nyama wa kona akapangusa ndoano yake kwa kitambaa safi, akaitikisa mara mbili, akasema kwa sauti ya kazini, "Haya, leteni marehemu!" Halafu akajiuma ulimi. Nyumba ile ilikuwa na marehemu wa kweli, na hakuwa ametimiza miezi minne kaburini.

Aliyecheka kwanza alikuwa mjane mwenyewe, mama yake Kijiti, ambaye kwa ushonaji wake watu walimwita Fundi.

"Mtundike tu," alisema. "Huyu hana mafuta mengi."

Sanduku likapanda, mshale ukaenda ukasimama. Kilo ishirini na tano na ushee.

"Toeni vitabu," akasema wifi yake Fundi, ambaye ndiye shangazi wa Kijiti, na ambaye hajawahi kuona jambo akakosa la kulisemea.

"Shangazi, naenda kuhubiri. Nihubiri kwa kutumia nini, viatu?"

"Viatu unavyo jozi tatu. Vitoe."

Wakafungua sanduku pale pale kwenye meza ya bucha, juu ya magazeti. Chini kabisa, kati ya mashati manne meupe, kitu kizito kimefungwa taulo. Kijiti akakifungua taratibu kama mtu anayefungua bomu. Ilikuwa pasi.

"Mama!"

"Shati jeupe bila pasi ni tambara."

"Huko kuna pasi, mama."

"Umeziona?"

"Bado."

"Basi usihubiri usichokijua."

Pasi ikatoka, mshale ukarudi ishirini na mbili na nukta tisa, na muuza nyama akapiga makofi kana kwamba amemzaa yeye. Mlangoni kwa gari la kanisa, Kijiti alitandaza kiganja chake, mama akatandaza chake, wakavibandika pamoja. Hiyo ilikuwa salamu yao tangu alipokuwa mdogo, wakati kiganja chake kilipofika nusu tu ya cha mama. Sasa vidole vilikuwa sawa kabisa, ncha kwa ncha. Alichukua mikono ya mama yake, myembamba na mirefu. Kwa baba hakuchukua chochote isipokuwa kicheko.

"Usinenepe bila ruhusa," mama akamwambia. "Vipimo vyako ninavyo."

Gari likaondoka. Fundi akarudi nyumbani na pasi yake mkononi, na ndivyo ilivyoanza ile miaka miwili.

Marehemu mumewe alikuwa kinyozi. Mtu mkubwa, mabega yake yalikuwa yanaingia mlangoni kwa zamu, na watu walimwita Gogo. Mwanawe alipozaliwa mwembamba na akabaki mwembamba, utani ukajileta wenyewe: gogo limezaa kijiti. Gogo mwenyewe ndiye aliyekuwa akicheka zaidi. Alikuwa akinyoa amevaa shati jeupe kila siku ya Mungu, kwa sababu, alisema, mteja akiona nywele nyeusi juu ya shati jeupe anajua kazi imefanyika. Mashati hayo yote alishona mkewe. Kwa miaka ishirini na sita.

Barua ya kumwita Kijiti kwenda umisionari nje ya nchi ilipofika, Gogo hakuitangaza kanisani. Aliitangaza kwenye kiti chake cha kunyolea. Kila kichwa kilichoinama mbele yake kilisikia habari hiyo, na hakikuwa na pa kukimbilia maana wembe ulikuwa shingoni. Kisha ghafla, wiki mbili tu za homa, Gogo akaanguka. Baada ya maziko Kijiti alimwendea mama yake akasema angeandika kuahirisha.

"Baba yako ameshavitangazia vichwa mia tatu," mama akajibu. "Nitawaambia nini? Warudi wanyolewe upya?"

Hakuahirisha.

Sasa ni lazima msomaji aujue ukuta wa Fundi, maana mambo yote yalitokea ukutani.

Fundi hakutumia tepu ya namba. Alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, na shangazi yule hakuziamini namba. "Namba unaweza kuisoma vibaya," alikuwa akisema, "ukanda haukudanganyi." Kila mteja alikatiwa ukanda mwembamba wa kitambaa, wa peke yake. Ukanda uliwekwa mwilini na kila kipimo kikatiwa alama ndogo ya mkasi ukingoni: alama moja ni upana wa mabega, mbili ni mkono, tatu ni kifua, nne ni urefu wa shati, na fundo dogo mwishoni ni shingo. Ukanda ukatundikwa kwenye msumari wake. Ukuta mzima, kutoka dirishani hadi mlangoni, ulining'inia watu. Hakuna aliyeandikwa jina. Fundi alijua kila mtu alipo, kama mwalimu anavyojua madawati ya darasa lake.

Msumari wa kwanza, karibu na dirisha, usawa wa mkono wake wa kulia anapokuwa amekaa kwenye cherehani, ulikuwa wa Gogo. Wa pili wa wifi. Wa tatu wake mwenyewe. Wa nne Kijiti. Baada ya hapo wateja.

Na mteja akifa, Fundi alikuwa na desturi yake. Alishusha ukanda, akaukatakata vipande vidogo vidogo, akavijaza ndani ya kimto chake cha pini. Kimto kilikuwa kimenenepa kwa miaka. Ndani yake kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, wauza mboga wawili, na bibi mmoja aliyekuwa hajawahi kuridhika na gauni lolote. "Sasa ametulia," Fundi alisema kila alipomchoma pini.

Wifi, ambaye kila siku alikuja kukaa kwenye kigoda kushona vifungo na kupinda mikunjo, na kusema, aliuliza mara moja tu.

"Wa kaka yangu mbona hujaukata?"

"Nitaukata."

Hakuuliza tena. Kwa wifi, kunyamaza juu ya jambo moja kwa miezi saba ilikuwa sadaka kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Kanisa lilikuwa limewaeleza wazazi kwamba mmisionari hategemezwi na maombi peke yake. Huko alikokwenda alitakiwa kuvaa shati jeupe na tai kila siku, kutembea kwa miguu mvua na baridi, wawili wawili, asiachane na mwenzake hata dakika. Simu nyumbani ni mara moja kwa wiki, Jumatatu, siku yao ya kufua, nusu saa.

"Wawili wawili kama pingu," wifi alisema.

"Kama viatu," Fundi akamsahihisha.

Kwa upande wa maombi, kulikuwa na watu wa kutosha. Kikundi cha akina mama kilimwombea Jumatano. Muuza nyama, aliyejiona ana hisa katika safari ile tangu siku ya mizani, aliuliza kila alipopita: "Mzigo wetu unaendeleaje?" Lakini Fundi alikuwa na lake. Shati linalofuliwa kwa mkono na kuanikwa ndani ya chumba huchakaa kola kwa miezi mitatu. Hesabu ilikuwa rahisi: kila miezi mitatu, mashati matatu.

"Wifi," akasema wifi, "fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Sitaki kuua nyoka. Nataka kumvisha mtoto."

Mwezi wa tatu ulipofika akanunua kitambaa cheupe kwenye duka lile lile, kiasi kile kile alichozoea kununua, akakaa. Alikuwa hajashona shati jeupe tangu msiba; hata yale manne ya sandukuni yalikuwa ya dukani. Miguu ilikuwa na wasiwasi kidogo juu ya kanyagio, lakini mkono wa kulia uliinuka wenyewe, ukachukua ukanda, ukapima, mkasi ukafuata. Baada ya hapo hakukuwa na wasiwasi wowote. Kazi ilimtiririka. Wifi alimsikia akiimba chini chini, jambo ambalo halikuwa limesikika ndani ya chumba kile kwa muda mrefu, akaogopa kusema lolote asije akaukata wimbo. Akasema lakini.

"Kitambaa chote hicho ni cha Kijiti? Au tunamshonea na farasi atakayempanda?"

"Huko ni baridi. Atavaa sweta ndani."

"Sweta ngapi?"

"Shona vifungo."

Kila shati alilitia alama ya nyumbani. Tundu la kifungo la tatu kutoka juu alilizungushia uzi wa buluu, uzi mmoja tu, wa kuonekana na anayejua. Alifanya hivyo kwa nguo za watu wake wa ndani, zisichanganyike na za watu kwenye kufuliwa. Kifurushi kikapitia buchani kupimwa, kwa kuwa muuza nyama angenuna kingepita bila kuonwa, kikaenda posta.

Jumatatu ya mwezi uliofuata, saa tisa alasiri, simu ikaegemezwa kwenye rola kubwa la uzi juu ya cherehani, na uso wa Kijiti ukatokea.

"Yamefika?"

"Yamefika, mama. Yanakaa vizuri sana."

"Mikono?"

"Mikono imefika mpaka mwisho."

Mahali fulani nyuma yake mtu akacheka, kicheko kinene cha pipa, na kiwiko kimoja kikaonekana pembeni ya kioo kikiwa ndani ya mkono wa shati jeupe. Huyo alikuwa mwenzake, kijana wa nchi nyingine kabisa. Kijiti alimwita Kabati. Kanuni zilimtaka awepo chumbani, adabu ikamfanya ajibanze pembeni, kwa hiyo kwa miezi kadhaa Fundi alimjua kwa kiwiko tu. Kijiti alikuwa amemfundisha neno moja la kwao, na Kabati alilitumia kwa kila shughuli: kusalimu, kushukuru, kuaga.

"Shikamoo, mama!" kiwiko kikasema.

"Marahaba, mwanangu. Amekula huyo?"

"Amekula changu pia," Kijiti akajibu.

Mwezi wa sita kifurushi cha pili kikaenda. Yanakaa vizuri sana, mama.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa saba ndipo Fundi alipoliona. Kijiti alikuwa akisimulia jinsi walivyofukuzwa na bata mlangoni kwa mtu, anarusha mikono, anainama, anainuka. Mama alikuwa akicheka. Macho yake, ambayo ni macho ya fundi hata anapocheka, yakashuka kwenye kifua cha mwanawe na kuhesabu matundu. La kwanza, la pili, la tatu. La tatu lilikuwa jeupe.

Jumatatu iliyofuata akahesabu tena. Jeupe. Na mfuko wa kifuani ulikuwa umekunjwa mkunjo wa kiwandani, mkunjo ambao yeye hajawahi kuushona na asingeushona hata kwa adui. Jumatatu ya tatu, jeupe. Ya nne, jeupe.

"Mashati yangu unayavaa?" akauliza siku hiyo, kama anayeuliza hali ya hewa.

"Yanavaliwa, mama! Kila siku."

Simu ilipokatika alibaki amekaa, mikono mapajani.

"Mtoto ananidanganya," akamwambia wifi yake. "Mmisionari mzima."

"Labda ameyaweka kwa ajili ya Jumapili."

"Amesema kila siku."

Wifi akafikiri, na hapo ndipo alipotoa lile ambalo baadaye alitamani angelimeza. "Unajua vijana. Wakifika ng'ambo wakaona vya dukani... cha mama kinakuwa cha mama."

Aliyasema kwa wepesi, huku anakata uzi kwa meno. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno lile lilimwingia Fundi likakaa. Mwanawe anamwonea haya. Alikuwa ametumwa kwenda kuwaambia watu wa mbali habari za upendo, na shati la mama yake ameliona si la kutoka nalo nje. Angekuwa mtu wa kelele angepiga kelele. Yeye alikwenda sokoni, akanunua kitambaa cha kifurushi cha tatu kama kawaida, akakiweka mezani. Hakukikata. Siku ya kwanza alisema amechoka. Siku ya pili mkasi haukuwa na makali. Wiki ya pili kitambaa kilianza kushika vumbi kwenye mkunjo, na Fundi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wanunue huko huko wanakonunua, yeye ana gauni za wateja.

"Mzigo wetu?" akauliza muuza nyama.

"Mzima," akajibu Fundi, akapita.

Muuza nyama akamtazama wifi. Wifi akatazama chini. Hilo pekee lilitosha kumwambia muuza nyama kwamba kuna jambo kubwa.

Picha zikaja Alhamisi. Mke wa kiongozi wa wamisionari kule alikuwa na tabia ya kuwatumia akina mama picha kila baada ya muda, na zilipitia kwa wifi kwa kuwa simu yake ilikuwa na nafasi. Akaingia nayo amenyoosha mkono, safari hii bila maneno.

Vijana walikuwa wanapaka rangi ukuta wa nyumba ya mtu mzee. Wote wamegeuka mgongo. Katikati yao alisimama mtu mmoja, ameinua mkono wa kulia wenye brashi, shati jeupe limejaa mgongoni bila kuvuta na bila kulegea, mshono wa begani umekaa juu ya mfupa wa bega pale unapotakiwa kukaa.

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja. Kwa kitambo kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate, mumewe alikuwa hai na anapaka rangi ukuta wa watu.

"Kuna nyingine," wifi akasema taratibu, akasogeza kidole.

Picha ya pili wamegeuka. Mtu yule alikuwa kijana asiyemjua, uso mpana, rangi puani, anacheka mpaka macho yamefungika. Fundi akaikuza picha kwa vidole viwili. Tundu la kwanza. La pili. La tatu lilikuwa buluu.

"Nani huyu amevaa shati la mwanangu?"

"Nadhani," wifi akasema, "ndiye mwenye kiwiko."

Jumatatu hiyo Fundi aliketi mbele ya rola la uzi dakika kumi kabla ya wakati. Alikuwa ametayarisha maneno, ameyapanga kama vipande vya gauni kabla ya kushonwa. Wifi alikuwa kwenye kigoda na kopo la vifungo, mdomo ameufunga kwa pini tatu ili usimponyoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashati yangu amevaa nani?"

Kijiti akafumba macho, akayafumbua.

"Kabati."

"Uliniambia yanakaa vizuri."

"Yanakaa vizuri sana, mama. Kwake."

"Usinichezee. Unaona haya kuvaa nguo niliyoshona?"

"Haya?" Sauti yake ikapanda. "Mama, haya haya ya dukani yananiwasha kola, kila siku nalaani huku natakiwa kubariki. Mashati yako ni makubwa! La kwanza nililivaa, mikono ikanipita vidole. Kabati akaniuliza kama ni hema. Yeye alikuwa na mashati mawili tu, mama. Kwao hawakutaka aje, hawamtumii chochote, hata salamu. Akalijaribu kwa mzaha tu, na likamkaa kama amepimwa."

"Makubwa!" Fundi akawa mkali sasa, maana sasa ilikuwa imeguswa kazi yake. "Mimi nina miaka thelathini kwenye cherehani. Sijawahi kukosea kipimo."

"Hukukosea, mama."

"Basi?"

Kijiti akasogea karibu na simu. Alisema polepole, kama mtu anayemwondoa mwenzake mwiba.

"Kipimo ni sahihi kabisa. Ni cha baba."

Ndani ya chumba pini moja ikamdondoka wifi mdomoni, ikalia sakafuni.

Fundi hakugeuza kichwa mara moja. Aliinua mkono wa kulia, akauacha uende wenyewe, kama ulivyokwenda siku ile, na mkono haukutafuta. Ulikwenda moja kwa moja msumari wa kwanza, karibu na dirisha. Akautazama ukanda ulivyolala kiganjani. Alama moja, mbili, tatu, nne, na fundo la shingo. Miaka ishirini na sita kila akishona shati jeupe mkono ulikwenda hapo. Hakuna aliyeuambia mkono.

Mashati sita. Alikuwa amemshonea mumewe mashati sita, akampelekea posta.

"Ulijua tangu la kwanza," akasema.

"Nilijua nilipolifungua. Lilikuwa limekunjwa kama ulivyokuwa ukiyakunja yake."

"Na hukuniambia."

"Ningeanzia wapi, mama? Shangazi alinisimulia kwamba siku hiyo ulikuwa unaimba."

Fundi akamgeukia wifi yake. Wifi akainamia kopo la vifungo kwa bidii ambayo vifungo havikuihitaji, na kwa mgongo wa mkono akajifuta pua.

Dakika za thamani zikawa zinakwenda, na hakuna aliyejua mlango wa kutokea. Ndipo kutoka pembeni sauti nene, yenye wasiwasi, ikatumia silaha pekee iliyokuwa nayo.

"Shikamoo, mama?"

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajaamua, na machozi yakatoka kwenye mlango huo huo.

"Marahaba. Mwambie asimame mbele ya simu, yote yake. Nimechoka kuongea na kiwiko."

Kabati akaja, akakijaza kioo chote cha simu, hakuna ukuta uliobaki kuonekana. Alisimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Mwambie ageuke."

Akageuka. Fundi akautazama mgongo ule muda mrefu, mabega, mshono, mkunjo mmoja mdogo chini ya kwapa la kulia.

"Panabana hapo," akasema kwa sauti ya kazi. "Mkono ni mfupi kwake. Mpime."

"Nimpime na nini? Hatuna tepu, mama."

"Tangu lini nyumba hii ikataka tepu? Shibiri yako ni sawa na yangu. Mpime kwa kiganja. Kutoka bega mpaka kifundo."

Kijiti akatandaza kiganja na kutembea nacho kwenye mkono wa mwenzake kama mdudu juu ya tawi. "Moja. Mbili. Tatu... na vidole viwili. Tulia, wewe! Anasema anatekenywa."

Fundi akautandaza ukanda mezani, akaweka kiganja chake mara tatu. Alama ya mkono ikaja pale pale kwenye ncha ya kidole, shibiri tatu kamili. Akaongeza vidole viwili, akachukua mkasi.

Wifi aliinuka nusu kutoka kwenye kigoda. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiungoja mkasi ule uuguse ukanda ule, na sasa hakujua kama anaogopa au anaomba.

Mkasi ukakata alama moja ndogo, vidole viwili mbele ya ile ya zamani. Basi. Ukanda ukarudi msumarini.

"Na mashati sita yote ameyachukua?" Fundi akauliza.

"Matano. Moja ninalo. Nalivaa Jumatatu simu ikikatika, wakati mengine yote yapo kwenye kamba."

"Linakufika wapi?"

"Karibu na magoti."

"Lete tulione."

Akaenda, akarudi amelivaa. Mikono ilining'inia kama ya mtu asiye na mikono, na chini miguu miwili myembamba.

"Kengele!" wifi akapasuka, mwishowe. "Wallahi kengele ya kanisa! Tikisika tusikie!"

Kijiti akatikisika. Kabati akaanguka kitandani kwa kicheko, kitanda kikatoa mlio wa kutia shaka, na dakika zao zikaisha hapo hapo, bila kuagana.

Wifi alisubiri mpaka kioo kikawa cheusi.

"Kwa hiyo huu," akasema, akionyesha msumari wa kwanza kwa kidevu, "hauendi kwenye kimto."

"Ukanda wa mtu aliyekufa ndio unaokatwa."

"Na huu?"

"Huu una mtu anayetaka mikono mirefu," akasema Fundi, akakung'uta vumbi kwenye kitambaa cheupe kilichokuwa mezani, akakitandaza.

Siku hizi kila miezi mitatu hukata mashati sita. Matatu kwa ukanda wa msumari wa nne, na kabla ya kukata huuangalia mara mbili kwa sauti, wifi akiwa shahidi. Matatu kwa ukanda wa msumari wa kwanza. Yote hutiwa uzi wa buluu kwenye tundu la tatu. Muuza nyama hupima kifurushi, nacho hupelekwa posta Alhamisi asubuhi, kwa sababu Alhamisi foleni ni fupi.